Bomba la gesi: Kulijenga ni kazi, kulisimamia ni kazi zaidi

WAKENYA wengi wanapotaja gesi humaanisha mtungi. Ukiisha, hupelekwa dukani, hubadilishwa na mwingine uliojaa, na mapishi yakaendelea. Biashara hiyo haina fumbo: aliye na pesa hubeba mtungi wake, na asiye nazo hurejea kwenye makaa hadi mwisho wa mwezi.

Gesi ya bomba ni shughuli ya aina nyingine. Haipangwi rafuni ikasubiri mnunuzi. Inayotoka kisimani asubuhi sharti iwe na mahali pa kwenda, na anayewasha mtambo jioni sharti aikute mlangoni. Kati ya kisima na mtambo huo kuna watu ambao kazi yao, usiku na mchana, ni kuhakikisha kwamba kinachoingia bombani na kinachotoka vinalingana.

Suala hili lina uzito kwa Kenya. Mnamo Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipozuru Nairobi, serikali yake na ile ya Rais Uhuru Kenyatta zilitia sahihi mkataba wa maelewano kuhusu kusafirisha gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Oktoba 2022, Rais William Ruto akiwa Dar es Salaam alieleza nia ya kuharakisha mpango huo, ili gesi ifike Mombasa na hatimaye Nairobi.

Swali ambalo wengi huuliza ni lini bomba hilo litajengwa. Lakini kuna maswali matatu yanayopaswa kutangulia: nani atalijaza, nani atanunua kilichomo, na nani atakuwa mwamuzi kati ya hao wawili? Tanzania imekuwa ikitafuta majibu ya maswali hayo tangu mwaka 2004, na safari yake ina mafunzo ambayo jirani hana sababu ya kuyalipia mara ya pili.

Si gesi ya mtungini

Kwanza, tutofautishe vitu viwili. Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, na hugeuka kimiminika kwa kushindiliwa kiasi tu. Ndiyo sababu hubebwa kwa pikipiki na kuwekwa chini ya meza ya jikoni. Kenya huagiza gesi hiyo kutoka ng'ambo, na nyingi huingia kupitia bandari ya Mombasa.

Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, haikubali kugeuka kimiminika kwa urahisi. Ni lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sufuri kipimo cha Selsiasi. Gharama ya kufanya hivyo ni kubwa, kwa hivyo njia ya kawaida ya kuifikisha kwa mtumiaji aliye katika nchi kavu ni kuisukuma ndani ya bomba la chuma ikiwa bado hewa. Haina harufu, na hutiwa kemikali inayonuka ili inapovuja watu wajue.

Tabia hiyo ndiyo chanzo cha ugumu wote. Bidhaa isiyohifadhika kwa wepesi humfunga muuzaji kwa mnunuzi kama pingu. Muuzaji hawezi kuchimba bila kuwa na mteja upande wa pili, na mteja hawezi kujenga kiwanda bila kuwa na hakika ya kisima.

Hesabu ya kila saa

Bomba la gesi huendeshwa kwa shinikizo. Watu wakitumia gesi nyingi kuliko inayoingia, shinikizo hushuka, na likishuka mno mitambo huzimika. Inayoingia ikizidi inayotumika, shinikizo hupanda, na likikaribia kikomo cha usalama sharti visima vipunguzwe au vifungwe.

Kuna nafuu moja. Kwa kuwa gesi hushindilika, bomba lenyewe ni ghala dogo. Waendeshaji hulijaza kidogo usiku, watu wanapokuwa wamelala, kisha huiachilia akiba hiyo jioni taa zinapowashwa. Hata hivyo, akiba hiyo hutosha kwa saa kadhaa tu. Isitoshe, gesi haisafiri kama umeme. Katika mabomba makubwa mwendo wake kwa kawaida hauzidi sana kilomita 40 kwa saa. Gesi inayotoka Mtwara leo asubuhi haiwezi kuokoa jiji la Dar es Salaam mchana huu. Anayesimamia bomba ni lazima akisie leo mahitaji ya kesho.

Hata mataifa yaliyozoea kazi hii hukaribia kuteleza. Nchini Uingereza, ambako zaidi ya nyumba nne kati ya tano hupashwa joto kwa gesi, wimbi la baridi kali liliingia mwishoni mwa Februari 2018. Alfajiri ya Machi 1, kampuni ya National Grid, iliyokuwa ikiendesha bomba kuu wakati huo, ilitoa onyo kwamba gesi iliyotarajiwa kuingia siku hiyo ilikuwa pungufu ya mahitaji kwa takriban mita za ujazo milioni 48. Mwaka uliotangulia, kampuni iliyomiliki hifadhi kubwa kuliko zote nchini humo, iliyo chini ya Bahari ya Kaskazini, ilikuwa imetangaza kuifunga.

Nyumba hazikuzimikiwa. Bei ya gesi katika soko la siku hiyo ilipaa, na wenye gesi wakavutiwa kuileta. Mitambo ya umeme iliyoweza kutumia makaa ya mawe ilichukua mzigo mkubwa zaidi, na watumiaji wakubwa wakapunguza matumizi. Kwa maneno mengine, nchi hiyo iliokolewa na mambo matatu: njia zaidi ya moja ya kupata gesi, wateja walioweza kujinyima kwa muda, na kanuni zilizoeleza mapema nani afanye nini. Tunaporudi kwetu Afrika Mashariki, ni vyema tuyakumbuke mambo hayo matatu.

Miaka ya bomba dogo

Gesi ya Tanzania iligunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Nyingine iligunduliwa mwaka 1982 huko Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Gesi ya Songo Songo ilikaa ardhini miaka 30 kabla ya kutumika. Haikukosekana gesi, alikosekana mnunuzi wa kutosha kuhalalisha gharama ya bomba.

Mnunuzi huyo alipatikana katika umeme. Mwaka 2004, bomba la kilomita 232, ambalo kilomita 25 za mwanzo hupita chini ya bahari, lilianza kufikisha gesi ya Songo Songo katika mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza wa viwandani.

Ukame ulipoikumba nchi mwaka 2006 na mabwawa kupungua maji, gesi iligeuka tegemeo. Mitambo mipya iliongezwa, viwanda vikaunganishwa, na bomba lililoonekana kubwa mwaka 2004 likajaa. Mgao mkali wa umeme wa mwaka 2011 uliiweka wazi hali hiyo. Visima vilikuwa na gesi na jiji lilikuwa na kiu, lakini njia ya kati ilikuwa nyembamba.

Bomba kubwa, wateja wachache

Jibu la serikali lilikuwa bomba jipya lenye kipenyo cha inchi 36, kutoka Madimba mkoani Mtwara hadi Kinyerezi jijini Dar es Salaam, lenye tawi la baharini kutoka Songo Songo. Lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China uliozidi dola bilioni moja za Marekani, na Rais Jakaya Kikwete akalizindua Oktoba 2015. Uwezo wake ni futi za ujazo milioni 784 kwa siku, sawa na mita za ujazo zipatazo milioni 22.

Kabla ya chuma kulazwa, damu ilikuwa imemwagika. Wakazi wa Mtwara walihoji kwa nini gesi iliyo chini ya ardhi yao isafirishwe hadi Dar es Salaam ilhali mkoa wao ulisalia nyuma kimaendeleo. Maandamano yalianza mwishoni mwa mwaka 2012. Mei 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliwasilishwa bungeni, ghasia zilizuka, watu wakapoteza maisha na wanajeshi wakapelekwa mjini humo. Baadaye viwanda vilipata gesi mkoani Mtwara kwenyewe, kikiwemo cha saruji cha Dangote. Lakini somo lilibaki: anayechora njia ya bomba hugawa pia faida na hasara, na walio kwenye chanzo hawawezi kuachwa nje ya hesabu.

Bomba lilipoanza kazi, tatizo liligeuka kinyume. Sasa njia ilikuwa pana, lakini wateja walikuwa wachache. Mitambo ya kuzalisha umeme iliyotarajiwa kuinywa gesi hiyo ilichelewa kukamilika, na viwanda viliunganishwa polepole. Katika miaka ya mwanzo bomba lilipitisha chini ya asilimia kumi ya uwezo wake.

Kwa nini hilo liwe tatizo? Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme bomba linahitaji Sh1 bilioni kwa mwaka kulipia mkopo, wafanyakazi na ukarabati. Likipitisha vipimo milioni 10 vya gesi, kila kipimo hubeba Sh100 ya usafiri. Likipitisha vipimo milioni moja pekee, kila kipimo hubeba Sh1,000. Bomba tupu halina gharama ndogo kuliko bomba lililojaa. Tofauti ni kwamba wanaolilipia ni wachache, na ikiwa hao hawawezi, deni humwangukia mlipa ushuru.

Mnyororo wa malipo nao ulilegea. Mnunuzi mkubwa alikuwa Tanesco, shirika la umeme la taifa, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na malimbikizo ya madeni kwa wauzaji wa gesi. Mwenye kisima asiyelipwa hana hamu ya kuchimba kingine. Ndivyo upungufu wa fedha katika ofisi moja unavyogeuka, baada ya miaka kadhaa, kuwa upungufu wa gesi ardhini.

Mto ulipoingia sokoni

Pigo jingine kwa hesabu za gesi lilitoka mahali pasipohusiana na visima. Kwa miaka mingi gesi ilizalisha zaidi ya nusu ya umeme wa Tanzania. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa katika gridi Februari 2024, na kufikia mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika.

Mabadiliko yalikuwa ya ghafla. Mwishoni mwa mwaka 2023 Watanzania walikuwa katika mgao wa umeme. Machi 2024, baada ya mvua na mtambo huo mpya, serikali ilitangaza kwamba baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji.

Kwa mwananchi hiyo ilikuwa habari njema. Kwa msimamizi wa bomba ni kitendawili. Mvua ikinyesha, gesi hukosa mteja wake mkubwa. Mvua ikikatika, mteja huyo hurudi mbio akitaka gesi yote kwa pamoja. Bomba, visima na wafanyakazi ni lazima wawe tayari kwa siku ya ukame, na walipwe hata katika siku za mafuriko.

Tanzania imekuwa ikitafuta wateja wasioyumba pamoja na mawingu: viwanda, hoteli, nyumba na magari. Magari yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa yameongezeka Dar es Salaam, hasa teksi na bajaji, kwa kuwa gharama yake ni nafuu kuliko petroli. Kwa kipindi fulani madereva walipanga foleni ndefu kwa sababu vituo vya kujazia vilikuwa vichache. Hapo tena tunauona ugonjwa uleule katika umbo jingine: gesi ipo, bomba kuu lipo, lakini hatua ya mwisho ya kumfikia mtumiaji haijakamilika.

Nyumba nazo si jibu rahisi. Familia ya Uingereza hutumia gesi kupasha nyumba joto kwa miezi kadhaa. Familia ya Dar es Salaam au Mombasa huihitaji kwa kupikia tu. Kuchimba mtaro hadi mlangoni mwake kunaweza kugharimu zaidi ya faida ya gesi itakayoitumia kwa miaka mingi. Ndiyo maana miradi ya aina hii hufaulu kwanza katika mitaa iliyosongamana, karibu na bomba ambalo tayari limelipiwa na viwanda.

Kazi ya mdhibiti

Katika biashara nyingi, ushindani humlinda mnunuzi. Duka likipandisha bei, unavuka barabara. Lakini hakuna atakayejenga bomba la pili sambamba na la kwanza ili washindane. Mwenye bomba ni mfalme wa njia, na mfalme asiye na sheria hutoza apendavyo. Hapo ndipo mdhibiti anapohitajika.

Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 iligawa kazi hiyo. Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) husimamia utafutaji na uchimbaji. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), iliyoanza kazi mwaka 2006, husimamia usafirishaji na usambazaji, zikiwemo ada za kupitisha gesi bombani. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limepewa jukumu la kukusanya gesi kutoka kwa wachimbaji na kuiuza kwa niaba ya taifa.

Mdhibiti hutembea juu ya kamba. Akiweka ada ya chini mno, mwenye bomba hashughulikii ukarabati na hatimaye bomba huvuja. Akiiweka juu mno, viwanda hurudi kwenye mafuta mazito na makaa ya mawe, bomba hubaki tupu, na ada hulazimika kupanda tena. Zaidi ya bei, ni lazima ahakikishe mita zinapima sawasawa, usalama unazingatiwa, na kwamba siku ya uhaba kuna orodha inayojulikana ya nani akatiwe kwanza. Orodha inayoandikwa siku ya shida huandikwa na wenye nguvu.

Mpaka ukiingia kati

Hayo yote ni magumu ndani ya nchi moja. Bomba likivuka mpaka, ugumu huongezeka, na Ghana ina ushahidi. Bomba la Gesi la Afrika Magharibi lina urefu wa kilomita 678 na huleta gesi ya Nigeria hadi Benin, Togo na Ghana. Agosti 2012 liliharibiwa na nanga ya meli karibu na Lome, na Ghana ikakosa gesi hiyo kwa takriban mwaka mzima huku umeme ukikatika mara kwa mara. Mwaka 2016 gesi ilipungua tena, safari hii si kwa ajali bali kwa sababu ya madeni ya upande wa Ghana.

Hata bomba lilipokuwa zima, Ghana mara nyingi ilipokea gesi pungufu ya ile iliyoahidiwa, kwa kuwa Nigeria nayo ilikuwa na mahitaji yake ya nyumbani. Hilo halipaswi kumshangaza yeyote. Serikali inayolazimika kuchagua kati ya giza katika mji mkuu wake na giza katika nchi jirani haitafikiri kwa muda mrefu. Nafuu ya Ghana ilikuja ilipoanza kutumia gesi yake yenyewe mwishoni mwa mwaka 2014, ikawa na chanzo zaidi ya kimoja.

Kenya ijiulize nini?

Mazingira ya Kenya yana tofauti ambayo wapenzi wa bomba huwa hawaitaji. Umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Turkana na, tangu mwaka 2022, umeme unaonunuliwa kutoka Ethiopia. Mitambo ya mafuta huhitajika zaidi jioni, matumizi yanapofikia kilele. Gesi ingeweza kuchukua nafasi ya mafuta hayo na kupunguza moshi na gharama. Lakini bomba linalofanya kazi saa chache za jioni ni lile bomba la mfano wetu, lenye vipimo milioni moja badala ya milioni 10.

Kwa hivyo, mteja wa kulibeba bomba hilo ni lazima awe kiwanda: saruji, vioo, chuma, mbolea. Viwanda hivyo vipo, hasa Pwani na Athi River, lakini kuwapo si kutia sahihi. Kabla ya mkopo wowote kuchukuliwa, wananchi wana haki ya kujua ni kampuni zipi zimejifunga kununua, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kwa fedha za nchi gani.

Mikataba ya gesi mara nyingi huwa na kifungu kinachomtaka mnunuzi alipie kiasi fulani hata asipokichukua. Kifungu hicho si dhuluma, kwa kuwa ndicho kinachompa mchimbaji ujasiri wa kuchimba. Lakini kikitiwa sahihi na shirika la umma kwa makisio ya matumizi yaliyotiwa chumvi, mwananchi atakilipia katika bili yake ya umeme kwa kizazi kizima. Wakenya hawahitaji kufundishwa maana ya kulipia umeme usiotumika.

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambayo wengi wetu tunaijua kwa bei za petroli za kila mwezi, itahitaji wataalamu wa aina nyingine: wa shinikizo, wa mita za mpakani, wa ada za miaka 20. Itahitaji pia mapatano na EWURA kuhusu nani husuluhisha mzozo pande mbili zinapotofautiana, na gesi igawanywe vipi mwaka wa ukame ambapo Dar es Salaam na Mombasa zote zinaihitaji.

Hakuna lolote kati ya haya linalosema bomba lisijengwe. Gesi ya jirani, ikiwa na bei ya haki na mikataba ya wazi, inaweza kuwa baraka kwa viwanda vya Pwani na kwa vijana wanaotafuta kazi humo. Tanzania yenyewe isingevuka miaka ya ukame bila Songo Songo.

Lakini safari ya jirani imeonyesha kwamba chuma ndicho sehemu rahisi. Chuma hununuliwa kwa mkopo na kulazwa ardhini katika miaka mitatu. Wateja hujengwa kwa miaka kumi, na uaminifu wa kulipana kwa muda mrefu zaidi ya huo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Siku viongozi wetu watakapotangaza tena kwamba bomba linakuja, swali la kwanza lisiwe urefu wake wala kipenyo chake. Liwe hili: orodha ya wanunuzi iko wapi, na nani ameitia sahihi?